Uhifadhi wa Mji Mkongwe: Sheria Huzuia Nyundo, Matengenezo Huzuia Maji

Mji Mkongwe wa Zanzibar una majengo yapatayo 1,700 katika eneo la hekta 96, na yote yamo ndani ya eneo la hifadhi linalolindwa na sheria. Mwenye nyumba katika mji huo hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadili sura ya jengo lake bila kupata kibali. Pamoja na ulinzi huo, nyumba za mawe zimeendelea kuchakaa, na baadhi zimeanguka bila mtu yeyote kuzigusa kwa nyundo. Mara nyingi aliyeziangusha ni maji.

Jambo hilo lina uzito kwa kila mwananchi anayefuatilia matangazo ya uhifadhi. Wengi huyasoma matangazo hayo kama orodha ya makatazo: usibomoe, usijenge, usibadilishe. Makatazo ni nusu tu ya ulinzi. Nusu ya pili ni wajibu wa kutengeneza, tena kwa vifaa vinavyofaa na kwa wakati wake. Nyumba ya matumbawe iliyoachwa bila matengenezo hubomoka yenyewe, na haina haja ya kuomba kibali cha kufanya hivyo.

Somo la Beit al-Ajaib

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, na ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwekewa umeme. Veranda zake pana zilibebwa na nguzo za chuma cha kalibu, na vyumba vyake vilizunguka ua mkubwa wa ndani ulioezekwa. Kuta zilikuwa za matumbawe kama za majirani zake, lakini zilichanganywa na mihimili ya chuma, teknolojia iliyokuwa ngeni katika pwani hii kwa wakati ule.

Jumba hilo halikukosa ulinzi wa kisheria. Lilikuwa mali ya Serikali, na lilisimama ndani ya eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Halikuwa jengo dhaifu tangu awali pia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mizinga ukanda wa Forodhani kwa muda usiofika saa moja. Kasri jirani la Beit al-Hukm liliharibiwa, Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Mizinga haikuliangusha, lakini mwaka 2012 kona yake moja iliporomoka, na jumba likafungwa kwa umma. Kutoka dalili hiyo hadi maafa ya 2020 ilipita miaka minane.

Tukio kama hilo huwa na sababu zaidi ya moja. Hata hivyo, linathibitisha kwamba hadhi ya jengo, iwe ya kitaifa au ya kimataifa, haiongezi siku moja katika uhai wa ukuta unaolowa. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kufahamu jinsi nyumba ya mawe inavyosimama.

Nyumba ya mawe inavyosimama

Ukuta wa asili wa Mji Mkongwe hauna nondo wala zege la kisasa. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe ambayo hayakuchongwa, yakapangwa na kushikamanishwa kwa udongo na chokaa, kisha yakapigwa lipu ya chokaa pande zote mbili. Unene wake kwa kawaida huanzia nusu mita. Matumbawe yana matundu madogo madogo, kwa hiyo ni mepesi kuliko mawe ya milimani na hunyonya unyevu kwa urahisi. Unene huo ndio unaofanya chumba kiwe na ubaridi mchana, jua likiwa kali nje.

Juu ya kuta hulazwa boriti, yaani magogo ya mikoko. Urefu ambao boriti inaweza kubeba uzito bila kupinda ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida ni mita mbili na nusu hadi tatu. Hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za pwani ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Boriti za Afrika Mashariki, hasa za delta ya Rufiji na za Lamu, zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Kwa hiyo vyumba vyembamba vya huko vina asili moja na vya Zanzibar.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe hayo humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto za matumbawe. Zamani mchanganyiko huo ulipondwa kwa siku kadhaa, wapigaji wakienda kwa mpigo mmoja huku wakiimba, hadi ukashikamana na kuwa sakafu ya ghorofa ya juu au paa la bapa. Uzito wa sakafu hiyo ni mkubwa, na wote hushuka kupitia ncha za boriti kuingia ukutani.

Siri ya nyumba nzima imo katika ncha hizo. Ukuta hubeba boriti, na boriti nazo huufunga ukuta usiegemee nje. Ncha ya boriti imezikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Ncha ikioza, mambo mawili hutokea kwa pamoja: sakafu hupoteza mahali pa kuegemea, na ukuta hupoteza kinachoushika. Ukuta huanza kujitokeza nje kama tumbo. Anayepita njiani huona lipu iliyochanika tu, ilhali ndani nyumba imeanza kuachana.

Sura za nyumba hizo hutofautiana kwa asili ya waliozijenga. Nyumba za Waarabu wa Oman zina kuta tupu upande wa nje, baraza la mawe mbele, mlango mzito uliochongwa, na ua wa ndani unaoleta mwanga na hewa. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zina duka chini na makazi juu, pamoja na roshani za mbao zilizonakshiwa zinazotazama barabara. Zipo pia nyumba za Waswahili zisizo na ghorofa, zenye baraza na ua wa nyuma. Sura zikitofautiana, kanuni ya ujenzi ni ileile: matumbawe, chokaa na boriti. Ugonjwa wa nyumba hizo nao ni mmoja.

Maji hayaombi kibali

Maji huingia katika nyumba ya mawe kwa njia nyingi, na karibu zote ni ndogo mwanzoni. Njia ya kwanza ni paa. Bati lililotoboka kutu au mfereji wa bati uliojaa majani humwaga maji mahali pamoja, masika baada ya masika, hadi kilele cha ukuta kikalowa na kubaki kimelowa. Udongo uliomo kati ya mawe huoshwa taratibu, na ukuta unaoonekana mzima kwa nje hubaki na mapengo ndani.

Njia ya pili ni ardhi. Matumbawe hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Pale ambapo mitaro ya barabara imeziba, au usawa wa njia umepandishwa kwa lami na vitofali kuliko usawa wa sakafu ya nyumba, maji hukaa kwenye mguu wa ukuta na kupanda juu. Chumvi hupanda pamoja nayo, na maji yanapokauka chumvi hubaki, huvimba, na kuibandua lipu.

Njia ya tatu imeletwa na maisha ya sasa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja inapogawanywa kuwa makazi ya familia kadhaa, kila moja huhitaji choo, bafu na mahali pa kufulia. Mabomba hupitishwa juu ya sakafu ya chokaa ambayo haikutengenezwa kubeba bafu. Tangi la maji likiwekwa kwenye paa huongeza uzito juu ya boriti zenye umri wa karne moja au zaidi. Lita 1,000 za maji peke yake ni tani moja. Kiyoyozi nacho hutiririsha maji ukutani mchana kutwa, hata wakati wa kiangazi, majira ambayo zamani yalikuwa nafasi ya ukuta kukauka.

Mwisho ni mimea. Mbegu iliyodondoshwa na ndege kwenye ufa hupata unyevu na chokaa, ikaota. Mizizi yake huingia kati ya mawe kutafuta maji na kuupanua ufa huo mwaka hadi mwaka. Mche wa urefu wa kidole hung'olewa kwa mkono, lakini mti wa miaka kumi hauondoki bila kipande cha ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji Mkongwe maneno hayo hayana fumbo.

Saruji inapokuwa dawa isiyofaa

Mwenye nyumba anapoona lipu imebanduka, jambo linalomjia kwanza ni saruji. Hupatikana duka lolote, hukauka haraka, na kila fundi anaijua. Kwa ukuta wa matumbawe, hata hivyo, dawa hiyo mara nyingi huongeza ugonjwa.

Chokaa hutokana na matumbawe yenyewe. Mawe huchomwa kwenye tanuri hadi yakapoteza hewa ya kabonidayoksaidi, kisha yakachanganywa na maji na kuachwa yatulie. Chokaa inapopakwa ukutani hunyonya tena hewa hiyo polepole na kurudi kuwa jiwe la aina ileile iliyotokana nalo. Hubaki laini kidogo na yenye matundu, hivyo unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka, na ukuta unapotanuka au kusinyaa kwa joto, lipu hufuata bila kupasuka sana. Lipu ya chokaa ikiharibika kwa chumvi, imetimiza kazi yake: imeharibika yenyewe badala ya jiwe, na huweza kupakwa upya.

Lipu ya saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yaliyoingia kwa juu au kwa chini hubaki yamefungiwa ndani, hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu huwa ni ncha za boriti. Kwa nje ukuta huonekana umepona, na baada ya misimu michache saruji hudondoka kwa vipande vikubwa, ikiwa imeng'ang'ania mawe iliyobandikwa. Fedha zimetumika na hali imekuwa mbaya zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa rangi za plastiki zinazoziba ukuta, ilhali chokaa ya kupaka huuacha upumue.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Chokaa nzuri huhitaji muda wa kutulia, na kazi yake huhitaji fundi mwashi aliyejifunza. Boriti nzuri hutoka katika misitu ya mikoko, ambayo nayo inalindwa kwa sababu huzuia mmomonyoko wa pwani na ni mazalia ya samaki. Kwa hiyo uhifadhi wa nyumba unategemea uhifadhi wa misitu na wa ufundi kwa pamoja. Kibali kinachomtaka mwananchi atumie chokaa hakitekelezeki kama chokaa haipatikani na fundi wake amezeeka bila mwanafunzi.

Sheria inavyosema na mahali inapoishia

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, wakati ambapo hali ya majengo ilikuwa imezorota sana. Katika miaka ya 1990 uliandaliwa mpango mkuu wa uhifadhi kwa ushirikiano na Aga Khan Trust for Culture, mpango uliotazama jengo moja moja, viwanja, mitaa na matumizi yake. Sheria ya Mamlaka ilitungwa upya mwaka 2010. Kwa kuwa mambo ya kale si suala la Muungano, Zanzibar ina sheria zake, na Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Sheria ya namna hii ina nguvu katika kuzuia tendo. Mkaguzi akikuta ghorofa inaongezwa bila kibali, ana mtu wa kumwuliza na kazi ya kuisimamisha. Ugumu huanza pale ambapo hakuna tendo. Mwenye nyumba ambaye hajafanya lolote kwa miaka ishirini hajavunja ukuta wowote kwa mkono wake, ilhali mwisho wa kutofanya huko ni sawa na kubomoa. Hata pale sheria inapotoa nafasi ya kumlazimisha atengeneze, bado hujitokeza swali ambalo hakuna karatasi inayolijibu: fedha zitatoka wapi?

Swali hilo lina majibu tofauti kulingana na mmiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, na watu wengi wakapata makazi mjini kwa kodi ndogo. Hilo lilikuwa jambo la haki kwa waliokuwa hawana nyumba, lakini kodi ndogo haikutosha kubadilisha boriti. Nyumba nyingine ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mapato yake yana watu waliokusudiwa na aliyeiweka wakfu. Nyingine ni za urithi, zenye warithi wengi walioko Unguja, Bara, Oman na Ulaya. Kila mmoja wao ana haki ya kukataa kuuza, na hakuna aliye na wajibu wa peke yake wa kuziba paa.

Kwa upande mwingine, nyumba zilizogeuzwa hoteli na maduka ya watalii zimepata fedha za matengenezo na nyingi zinapendeza. Nazo zina gharama yake. Nyumba ikigeuzwa hoteli, mtaa hupoteza familia, na mtaa uliopoteza familia hupoteza watu wa barazani, madrasa na soko la kila siku. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia kama mji wa biashara wa Waswahili uliochanganya tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya na kubaki hai. Kuta pekee, bila wakazi, si urithi uliokusudiwa.

Kilwa inaonesha kwamba inawezekana

Mfano wa mafanikio haupo mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Huko kuna Msikiti Mkuu wenye kuba na kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, yote ya matumbawe na chokaa, kanuni ileile ya ujenzi iliyofuatwa Zanzibar karne nyingi baadaye. Mwaka 2004 eneo hilo liliwekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ulio Hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufukwe.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Kuta ziliimarishwa kwa chokaa, mimea iliyoota juu yake ikaondolewa, mikoko ikapandwa kupunguza nguvu ya mawimbi, na wananchi wa visiwani wakashirikishwa katika kazi na ulinzi. Hatua zenyewe zilikuwa za kawaida, na siri yake ilikuwa kurudiwa kila mwaka na watu wanaoishi karibu na magofu.

Mji Mkongwe ni mgumu kuliko Kilwa kwa sababu unakaliwa, lakini ukaliwaji huo ndio nguvu yake. Gofu halina mtu wa kusikia tone la kwanza likidondoka usiku. Nyumba yenye familia inaye.

Linalowahusu wananchi

Wakazi wa nyumba za mawe, wawe wenye nyumba au wapangaji, wana nafasi ya kuokoa jengo kabla gharama haijawa kubwa. Kabla ya masika yanayoanza Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, inafaa mifereji ya paa isafishwe, mabati yaliyotoboka yabadilishwe, na miche iliyoota ukutani ing'olewe ingali michanga. Maji ya kiyoyozi yaelekezwe kwenye bomba mpaka mtaroni. Tangi la maji lisipandishwe paani bila ushauri wa fundi anayeijua nyumba ya boriti.

Ufa nao una lugha yake. Ufa mwembamba wa lipu usioongezeka si wa kutisha. Ili kuupima, mkazi anaweza kuchora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia na kuandika tarehe kando yake. Ukivuka mstari baada ya mwezi mmoja, ukuta unatembea na taarifa inapaswa kufika kwa Mamlaka mara moja. Ukuta uliotoka tumbo, sakafu inayotikisika chini ya miguu na unga wa mbao unaodondoka penye ncha za boriti ni dalili za kuondoa watu kwanza, kisha kuuliza maswali. Watoto wasilale katika chumba cha namna hiyo.

Kwa upande wa Serikali na taasisi zake, kipimo cha uhifadhi hakiwezi kuwa idadi ya vibali vilivyotolewa au kukataliwa peke yake. Vipimo vinavyoeleza hali halisi ni idadi ya paa zilizozibwa kabla ya mvua, mafundi vijana waliohitimu kazi ya chokaa, na nyumba za umma na za wakfu ambazo sehemu ya kodi yake imetengwa kwa matengenezo ya kila mwaka. Ukarabati mkubwa wa jumba moja hutangazwa na kuonekana. Usafishaji wa mifereji ya nyumba mia moja hauonekani, lakini huzuia kuanguka kwa nyumba ambazo hakuna fedha za kuzijenga upya.

Sheria imekwisha kusema kwamba nyumba hizi zisibomolewe na mtu. Kilichobaki ni kazi ya kila msimu, ya paa, chokaa na boriti, inayogawanywa kati ya Serikali, wamiliki na wakazi, kila mmoja akijua sehemu yake kabla wingu la masika halijafunga.